Tusidharau Kelele za Watazamaji wa Eastlands

Ipo dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wasomi wetu, nami nimeisikia katika vyumba vya walimu na hata katika makongamano ya Kiswahili, kwamba mtazamaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi hajui kutazama. Husemwa kwamba hupiga kelele filamu ikiendelea, humjibu mwigizaji kana kwamba wamo chumba kimoja, hudai vita kila dakika, na lililo baya zaidi, hawezi kutazama pasipo mtu wa kumsimulia kwa Sheng kile ambacho macho yake yanakiona. Wanaosema hivi aghalabu ni watu waungwana, na baadhi yao ni marafiki zangu. Hata hivyo, sidhani kama wengi wao wamewahi kuketi kwenye benchi la ukumbi wa video wa Kayole au Dandora tangu filamu ianze hadi iishe.

Naandika haya kwa sababu ya tamthilia moja ya makauboi ambayo imezungumzwa sana mitaani kwetu. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Novemba 2023, ikiwa na sehemu nane, na jina lake ni Lawmen: Bass Reeves. Mhusika mkuu ameigizwa na David Oyelowo, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria. Ni kazi maridadi mno. Mbuga zimepigwa picha jua likiwa linazama, kofia na makoti yamechaguliwa kwa jicho la fundi, farasi wanang'aa, na wahusika wanaweza kukaa kimya muda mrefu huku upepo ukivuma. Kwetu iliingia kwa njia ile ile ambayo mambo mengi huingia: katika flashi, kutoka kwa vijana wanaonakili sinema kando ya barabara, kisha ikapelekwa nyumbani na hatimaye kwenye kumbi za video.

Huyo Bass Reeves si mtu wa kubuni. Alizaliwa mtumwa mnamo 1838 katika jimbo la Arkansas. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alimtoroka bwana wake, akakimbilia eneo walilotengewa wenyeji asilia, ambalo leo ni Oklahoma, na huko akajifunza lugha za wenyeji wake, hasa ile ya watu wa Creek. Mwaka wa 1875 aliajiriwa kuwa afisa wa kulinda sheria chini ya mahakama ya Jaji Isaac Parker ya Fort Smith, na akaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Inasemekana aliwakamata watu zaidi ya 3,000. Hakujua kusoma wala kuandika. Hati za kukamata watu alisomewa, akazihifadhi kichwani, na alipomfikia mshukiwa alijua ipi ni ya nani. Alifariki mwaka wa 1910.

Msomaji atanisamehe kwa kulikawilia jambo hili la hati, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilizaliwa Jericho, na ingawa kazi yangu ni kufundisha isimu chuoni, bado ninaishi upande huu wa mji. Mwaka jana niliitazama tamthilia hii mara mbili: mara ya kwanza nyumbani, na mara ya pili katika ukumbi mmoja wa mabati ambapo kiingilio ni shilingi ishirini na mpira wa Uingereza ndio hulipa kodi. Msimuliaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, amekaa kando ya kiwambo na kipaza sauti mkononi. Mtindo wake ni ule ulioenezwa kote nchini na DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika kwa miaka mingi katika kumbi na matatu, akisimulia filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa lugha ya mtaani. Nimeambiwa kwamba siku hizi kila mtaa una wake, na kila mmoja hujitahidi asifanane kabisa na mkubwa wao.

Katika sehemu ya kwanza kuna mchezo wa karata baina ya mtumwa na bwana wake, na kinachowekwa mezani ni uhuru wa mtumwa. Bwana anacheza rafu. Ngumi ya kwanza ya Reeves ilipotua, ukumbi mzima ulisimama, na yule msimuliaji hakuhitaji kusema lolote isipokuwa, "Wasee, huyo sasa ndiye staringi." Hapo wenzangu wa chuoni wangesema: unaona, hawa wanataka vita tu. Na kama ningetoka wakati ule, ningekubaliana nao.

Sikutoka. Baadaye, Reeves akiwa tayari amevaa nishani ya sheria, alimwendea mshukiwa na kumtajia hati aliyokuja nayo. Msimuliaji, akidhani kwamba hayo ni maneno ya kupita tu, alitia mzaha juu ya masharubu ya mtu yule na kuyafunika mazungumzo. Sauti kutoka nyuma ikapaza: "Rudisha! Amesema nini?" Wengine wakaitikia, "Rudisha!" Kijana akarudisha nyuma, akasikiliza, akasema kwamba jamaa ana waranti. Kimya kikaingia. Kisha mmoja akauliza kwa sauti ya mtu asiyeamini, "Yaani amekuja na waranti?" Ukumbi ukaangua kicheko ambacho hakikuwa cha furaha, nao mjadala ukaanza na filamu ikaendelea peke yake kwa muda wa dakika tano hivi.

Anayeifahamu mitaa hii haulizi kwa nini walicheka. Mwaka wa 2017 kituo cha haki cha Mathare, Mathare Social Justice Centre, kilitoa ripoti juu ya mauaji ya vijana mikononi mwa polisi, na kichwa chake kilikuwa swali tu: ni nani anayefuata? Kijana wa Dandora amekua akijua kwamba afande hatembei na karatasi. Sasa anaonyeshwa afisa mweusi, tena wa karne ya kumi na tisa, tena asiyejua kusoma, ambaye hata hivyo hamgusi mtu pasipo hati ya mahakama. Kwa mtazamaji wa London au Chicago hayo ni maelezo madogo ya kuipeleka hadithi mbele. Kwa mtazamaji wa Dandora hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote yaliyomo katika filamu nzima, kuliko bastola na kuliko farasi. Naye alilitambua katika nusu sekunde, kabla ya msimuliaji wake, na (kwa nini nisiseme?) kabla ya wahakiki waliojaza kurasa wakisifu mwanga wa jua linalozama.

Wala si hilo tu. Mzee mmoja wa Kaloleni, ambaye huja kwenye ukumbi ule kwa sababu nyumbani kuna wajukuu wengi kuliko viti, hakukubali hata kidogo kwamba Reeves ni shujaa. "Huyo ni homgadi," alisema. Vijana walimwuliza homgadi ni nini, naye akawaeleza. Akawasimulia habari ya Aprili 1954, wakati serikali ya kikoloni ilipoizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil na watu wa mitaa hii kupangwa foleni na kutenganishwa, na jinsi ilivyokuwa kwamba aliyekunyoshea kidole hakuwa Mzungu, alikuwa mtu wa kwenu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na aliyoyasema ameyapokea kwa wakubwa wake. "Jaji ni wa nani?" akauliza. "Ardhi ile ni ya nani? Na huyu mweusi anamkamatia nani?"

Kijana mmoja akamjibu, "Lakini guka, huyu hauwi ovyo. Anapeleka watu kortini."

"Korti ya nani?" mzee akasema.

Mabishano hayo hayakwisha siku ile, na sina hakika kama yamekwisha hadi leo. Ninachojua ni kwamba tamthilia yenyewe inauliza swali hilo hilo. Reeves wa kwenye kiwambo analemewa na nishani aliyoivaa, naye hujiuliza anamtumikia nani anapowafunga pingu watu waliompa hifadhi alipokuwa mtoro. Waandishi wa tamthilia walitumia sehemu nane kulijenga swali hilo taratibu. Ukumbi wa mabati ulilifikia jioni moja kwa neno moja la historia yetu.

Majumbani mjadala ulikuwa mwingine. Jirani zangu wawili wa Umoja, akina mama waliokuwa wakitazama pamoja sehemu mbili kila Jumamosi, hawakujishughulisha sana na bastola. Walimtazama Jennie, mke wa Reeves, aliyeachwa na shamba na watoto mume akizunguka nyikani kwa miezi. "Mwalimu," mmoja akaniambia, "huyo mwanamume ni hodari, lakini nani anayepalilia?" Sidhani kama swali hilo linahitaji maelezo.

Sasa nirejee kwenye taaluma yangu, maana neno staringi lina historia. Limetokana na neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye mabango ya sinema kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Huko kwao ni kitenzi; watazamaji wetu walilifanya jina la mtu. Watanzania husema stelingi. Kote Afrika Mashariki linamaanisha yule ambaye hadithi ni yake na ambaye, kwa imani ya wengi, hawezi kufa kabla ya mwisho. Si neno la mzaha. Ni istilahi ya uhakiki, iliyoundwa na watu wasiokuwa na idara wala kamati, nayo imekubalika bila ya kutangazwa na yeyote. Ningefurahi kama istilahi tunazozibuni sisi katika warsha zingekuwa na bahati ya namna hiyo.

Wala sisi si wa kwanza. Katika miaka ya 1950, mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alikuwa katika mji wa migodi wa Luanshya, nchi ambayo leo ni Zambia, na miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni wachimba migodi walivyotazama filamu za makauboi. Huko ukanda wa shaba kila kauboi aliitwa Jack, hata mwigizaji awe nani. Filamu zilikuwa tofauti, Jack alikuwa yule yule. Wakati huo huo mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, vijana walijiita Bills kwa kumwiga Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi, wakagawana mitaa, na wakazua lugha yao iliyoitwa Hindubill, mchanganyiko wa Kilingala, Kifaransa na maneno mengine waliyoyaokota. Kwa hiyo filamu ya kauboi si mgeni katika historia ya lugha za mijini za Afrika. Juu ya Sheng, wataalamu hawajaafikiana. Katika makala yao ya 1997, Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliihusisha na mitaa hii ya Eastlands na maisha ya vijana waliobanana katika nyumba za chumba kimoja. Alamin Mazrui, mwaka wa 1995, alionyesha kwamba mizizi yake yaweza kuwa ya zamani zaidi, hadi miaka ya 1930. Vyovyote iwavyo, Sheng na sinema zimekulia katika ua mmoja.

Na msimuliaji je? Wengi hudhani amezuka na kanda za video. La hasha. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Sauti yake ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na filamu zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Maana yake ni kwamba picha na sauti tangu mwanzo zilikuja kwetu zikiwa vitu viwili, na katikati yake alisimama mtu wa kueleza. Kijana wa Kayole mwenye kipaza sauti ni mrithi wa kazi hiyo, ila yeye hatumwi na serikali kutufundisha kupanda kahawa.

Hapa kuna kichekesho ambacho siwezi kukipita. William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya nchini Nigeria na baadaye akaongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka wa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu iendayo kasi. Alisisitiza kwamba picha ikae muda mrefu, hadithi iende moja kwa moja, na hila za kamera ziachwe, kwani zitamchanganya mtazamaji. Mafundisho hayo yalitawala utengenezaji wa filamu za Waafrika kwa miaka. Leo lalamiko kubwa la vijana wa Dandora dhidi ya tamthilia hii ya kifahari ni kwamba inakwenda polepole mno! "Wanatazamana tu," aliniambia mmoja. "Tunangoja nini?" Kwanza Mwafrika alikuwa mzito, hawezi kasi, sasa, kwa mujibu wa wasomi wetu, ni mwepesi mno, hawezi utulivu. Ni ajabu kwamba kasoro hubadilika ila mwenye kasoro habadiliki.

Mimi naamini lalamiko hilo la upole lina maana nyingine. Katika masimulizi yetu kimya hakiachwi kitupu. Msimulizi wa hadithi akinyamaza, hadhira huitikia, huuliza, huimba. Hadhira isiyoitikia ni hadhira iliyolala, na bibi zetu walikuwa wakinyamaza makusudi ili kupima nani yu macho. Kijana aliyelelewa hivyo akiona kimya kwenye kiwambo hukichukulia kuwa ni zamu yake. Ndiyo sababu anasema. Tamthilia imempa nafasi, naye ameijaza.

Wapo pia wanaosema kwamba kusimulia juu ya filamu ni kuiharibu, kwa kuwa sauti ya asili inapotea. Ni sauti gani ya asili? Chukua filamu zile za makauboi ambazo kizazi changu kiliziabudu, za Waitaliano, kama The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone ya mwaka 1966. Ilipigwa picha Uhispania. Waigizaji wake walikuwa Wamarekani, Waitaliano na Wahispania, na aghalabu kila mmoja alisema kwa lugha yake mbele ya kamera, kisha sauti zote zikatiwa baadaye studioni. Kiingereza tulichokisikia, na ambacho walimu wetu walikiona kuwa ndicho chenyewe, kilibandikwa juu ya midomo iliyokuwa ikisema kitu kingine. Msimuliaji wa Kayole amebandika tabaka moja zaidi, basi.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba kila asemalo msimuliaji nalisifu. Lipo jambo ambalo lilinikera, nami nilimwambia. Reeves wa historia aliwaelewa wenyeji asilia kwa kuwa alizungumza nao kwa lugha zao. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake kubwa kuliko bastola, naye mtu asiyejua herufi alikuwa mwanalugha hodari kushinda wengi waliokuwa na vyeti. Katika tamthilia zipo sehemu ambapo lugha ya wenyeji inasikika. Msimuliaji wetu alizifunika zote kwa Sheng yake, na pale aliposhindwa alitoa milio isiyo na maana ili watu wacheke. Wakacheka. Kwa hiyo mtazamaji wa Kayole, ambaye yeye mwenyewe hubadili lugha tatu kati ya kituo cha basi na mlango wa nyumba yake, alinyimwa nafasi ya kuona kwamba staringi ni mtu wa aina yake. Mimi hasara hiyo naiona kubwa. Milio ile ndiyo iliyotumiwa na filamu za zamani za Hollywood dhidi ya wenyeji wa Marekani, na ni jamaa wa karibu wa milio iliyotumiwa dhidi yetu katika filamu za Tarzan.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mwalimu, mimi nalipwa shilingi mia tatu kwa onyesho. Hiyo filamu niliiona mara moja tu kabla ya kuja. Ukitaka nisome, ninunulie wakati."

Sikuwa na jibu la haraka, na kusema kweli yeye ndiye aliyelishika shina la jambo. Tunamdai msimuliaji usahihi wa mfasiri huku tukimweka nje ya sheria na nje ya taaluma. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kuifasiri au kuibadili kazi ya mtu bila ya idhini yake ni kosa. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kuionyesha hadharani kunahitaji leseni. Sisemi sheria hizo ni mbaya; wenye filamu nao wana haki ya jasho lao. Nasema kwamba tumemwachia kazi hii mtu anayeweza kukamatwa wakati wowote, halafu tunashangaa kwamba anaifanya kwa haraka haraka.

Wengine hawakufanya hivyo. Mwaka wa 2011 Wachina walichukua tamthilia yao ya kifamilia juu ya Doudou na mama wakwe zake, wakaitilia sauti za Kiswahili kwa makusudi na gharama, ikaonyeshwa kupitia TBC nchini Tanzania, na ikapendwa mno kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwaka wa 2013. Walijua kwamba mtu hukuruhusu uingie sebuleni mwake ukibisha hodi kwa lugha yake. Uganda wasimuliaji wa Kiganda kama VJ Jingo wamekuwa mashuhuri kama waigizaji wenyewe, na Dar es Salaam palikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake za video zilizotiwa Kiswahili ziliuzwa na kukodishwa kwa wingi. Sisi Kenya tunayo Katiba ya 2010 ambayo ibara yake ya saba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, tunavyo vituo vya televisheni vingi kuliko ninavyoweza kuvihesabu, na tunao vijana wenye kipaji kisichofundishika. Kwa nini kituo kimoja kisinunue haki za tamthilia kama hii na kumwajiri msimuliaji wa Eastlands kuitia sauti, akae nayo kwa majuma mawili badala ya saa mbili, akiwa na mwalimu wa Kiswahili upande mmoja na mwanahistoria upande mwingine? Na kwa nini idara zetu za Kiswahili, ambazo hufundisha fasihi simulizi kwa mifano ya vijiji ambavyo wanafunzi hawajavifika, zisiwapeleke wanafunzi hao Kayole jioni moja wakiwa na madaftari?

Najua jibu nitakalopewa kuhusu Sheng. Nitaambiwa Kiswahili sanifu kitachafuka. Miaka niliyofundisha imenionyesha kwamba lugha huchakaa kwa kuachwa kabatini, si kwa kutumiwa. Aidha, yule kijana alipoulizwa waranti ni nini na mtoto aliyekaa mbele, hakutumia Sheng. Alisema, kwa Kiswahili ambacho ningekipa alama zote, kwamba ni "hati ya mahakama inayompa afisa ruhusa ya kukukamata, na bila hiyo ana haki ya kukueleza sababu yake." Ningeirekebisha sheria yake kidogo, kwani zipo hali ambazo polisi wa Kenya anaruhusiwa kukamata pasipo hati. Kiswahili chake nisingekigusa.

Juma lililofuata nilimpelekea karatasi yenye mistari michache juu ya Reeves wa kweli: lini alizaliwa, lugha alizojua, na namna alivyozihifadhi hati kichwani. Sijui kama aliisoma yote. Lakini walipofika tena pale ambapo wenyeji wanazungumza kwa lugha yao, alishusha kipaza sauti. Maneno yakasikika, marefu, ya kigeni kabisa, na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma akauliza hiyo ni lugha gani, naye kijana akamwambia kwamba ni ya wenye ardhi.

"Na staringi anaielewa?" akaulizwa.

"Anaielewa yote," akajibu, akakiinua tena kipaza sauti.